Turbo: Kitambaa cha Kuvutika na Nguo ya Stara



Atokaye pwani kwenda Turbo hupanda karibu safari nzima. Huiacha bahari na minazi, akaikata nyika ya Voi na Mtito Andei, akaipita Nairobi, akateremka Bonde la Ufa, kisha akapanda tena kutoka Nakuru hadi Timboroa, ambako njia hufika kimo cha zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo mtu wa Mombasa, Lamu au Malindi anapofungua mkoba kutafuta sweta. Baada ya Timboroa nchi huinama polepole hadi Eldoret, ambayo bado iko kwenye mita 2,100 hivi, na mbele ya Eldoret, katika barabara kuu iendayo Malaba na Uganda, imebaki safari ya zaidi ya kilomita 30 kufika Turbo.

Turbo ni mji mdogo wa Kaunti ya Uasin Gishu. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 iliendelea kupitia hapa kuelekea Uganda, na mpaka leo mji umejipanga kwa kuifuata njia: maduka kando ya lami, malori ya masafa marefu, matatu za Eldoret, na nyuma yake mashamba ya mahindi na msitu wa kupandwa wa misonobari na mikaratusi. Waislamu hapa si wengi kama kwetu. Mwanamke anayejisitiri hutambulikana kwa mbali, na nguo yake husema jambo kabla yeye mwenyewe hajatoa salamu.

Tulifika mwezi wa Julai, majira ya mvua na baridi, kwa mwaliko wa familia moja ambayo mama wa nyumba ni fundi wa kushona. Binti yake alikuwa akijiandaa kuanza chuo mjini Eldoret. Alikuwa na majuba mawili, yote ya kitambaa kigumu kisichovutika, yaliyoshonwa kabla hajamaliza kukua. Akinyanyua mkono kushika chuma ndani ya matatu, kwapa hubana na mkono wa nguo hupanda mpaka karibu na kiwiko. Akiketi kwa muda mrefu, mgongo hukazwa. Baridi ikizidi huvaa sweta juu yake, na sweta huikusanya nguo yote kiunoni.

Alimwambia mama yake mbele yetu, kwa adabu, kwamba yeye hana ugomvi na stara. Ugomvi wake ni na yale majuba. Wenzake huvaa nguo laini za kuvutika, hukimbilia gari na kuketi darasani kutwa bila kujishikashika. Akaomba juba la kitambaa cha namna hiyo.

Mama alisita. Alijua, kama tunavyojua wengi wetu, kwamba kitambaa kinachovutika ndicho hicho hicho kinachogandamana na mwili. Fedha aliyoweka ilitosha mita tatu na nusu, wala hapakuwa na nyingine. Kikichaguliwa vibaya au kikikatwa vibaya, binti angeingia chuoni na majuba yale yale mawili, au angeingia na nguo ambayo mzazi wake hakuiridhia. Jambo hilo ndilo lililotushughulisha siku zote tatu tulizokaa nao. Tumeona tuliandike, kwa kuwa nyumba nyingi za pwani zina mazungumzo kama hayo, na mara nyingi huishia kwa mama kukataa na binti kununa.

Nchi ya nyuzi

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mtu wa pwani aende bara kujifunza habari za nguo? Mwambao wetu ni nchi ya vitambaa tangu kale. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameeleza kuhusu nguo zilizofumwa mji huo na kupelekwa mpaka Misri. Lakini vitambaa vya kale vya mwambao, kama zilivyo leso na kikoi hadi leo, ni vya mtande na mshindio: nyuzi za urefu hutandikwa, nyuzi za upana hupita juu na chini yake, zikashikana kama ukili wa mkeka. Kitambaa cha namna hiyo hakivutiki, isipokuwa kikikamatwa kwa mshazari. Ndiyo maana leso hukaa miaka na miaka bila kupoteza umbo.

Eldoret inazijua aina zote mbili. Kiwanda cha Rivatex, ambacho jina lake ni mkato wa Rift Valley Textiles, hufuma vitambaa vya mtande na mshindio kwa pamba. Kilifungwa kwa miaka kadhaa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na baada ya kuwekewa mitambo mipya kikazinduliwa upya mwaka 2019. Katika mji huo huo kuna kiwanda cha Ken-Knit, ambacho nyuzi zake za kufumia na masweta yake yanajulikana sana katika nchi hizi za baridi. Mtoto wa Uasin Gishu huanza shule akiwa ndani ya sweta, na sweta ni ndugu wa damu wa kitambaa tunachokizungumzia.

Kitambaa cha sweta, cha fulana, cha soksi na cha nguo laini za kuvutika hakina mtande wala mshindio. Kimejengwa kwa vitanzi. Uzi hukunjwa kitanzi, kitanzi kikapenyezwa ndani ya kitanzi kilichotangulia, safu juu ya safu. Ukikivuta, vitanzi hubadili umbo na kujinyoosha, ukikiachilia, hurudi. Mvutiko hautoki katika uzi wenyewe, unatoka katika umbo la vitanzi. Mafundi wa bara hukiita strechi, na chepesi chake hukiita jezi, jina linalotokana na kisiwa cha Jersey kati ya Uingereza na Ufaransa, ambacho zamani kilisifika kwa kufuma sufu.

Dada zetu wanaodhani kwamba kitambaa hiki ni kitu cha kigeni kilicholetwa kuharibu stara wanafaa kujua historia yake. Miongoni mwa kazi za kale zaidi za vitanzi zilizosalia duniani ni soksi za pamba za buluu na nyeupe zilizopatikana Misri, zilizofumwa katika zama za dola za Kiislamu. Huko Burgos, Uhispania, katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa vitanzi, ukiwa umezungushiwa neno la Kiarabu la baraka kwa hati ya Kufi. Unahesabiwa kuwa kazi ya mafundi Waislamu. Mashine ya kwanza ya kufuma vitanzi ilibuniwa Uingereza na William Lee mwaka 1589, zaidi ya miaka 300 baada ya mto ule. Kilicho kipya ni uzi wa spandeksi, uliovumbuliwa Marekani na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958. Uzi huo huvutika mara kadhaa ya urefu wake na kurudi. Ukichanganywa kidogo ndani ya kitambaa, hukisaidia kushika umbo. Ukizidi, kitambaa hukamata mwili kama soksi inavyokamata mguu.

Basi kitambaa si cha halali wala cha haramu kwa kuvutika kwake. Wanazuoni wetu wametufundisha masharti ya nguo ya mwanamke atokapo: isitiri, isionyeshe rangi ya ngozi, isichore umbo. Sharti la tatu ndilo linalovunjwa na kitambaa hiki kikitumiwa bila elimu, na elimu hiyo inaanzia dukani.

Dukani: maswali matatu

Mama fundi alitupeleka Eldoret, kwa kuwa Turbo ina maduka machache ya vitambaa na mafundo ya mitumba zaidi ya mapya. Alituambia njiani kwamba kitambaa cha kuvutika hakinunuliwi kwa macho. Kinaulizwa maswali matatu, nacho hujibu mkononi.

Swali la kwanza: je, kinarudi? Kunja kitambaa, shika sehemu ya sentimita 10 kwa upana, uivute mpaka ikatae, kisha uiachilie. Sentimita 10 zikifika 12 au 13, huo ni mvutiko wa wastani, unaotosha kwa juba, gauni au dira. Zikifika 15 na kupita, kitambaa hicho ni cha soksi, cha nguo za ndani, au cha nguo za mazoezi za kuvaliwa chini ya nyingine. Kisha tazama baada ya kuachilia. Kikirudi palepale, kina uhai. Kikibaki kimelegea na kufanya tumbo, basi viwiko, magoti na makalio ya nguo vitafanya hivyo hivyo baada ya siku ya kwanza, na hakuna pasi itakayoviponya.

Swali la pili: je, kinaficha? Weka kiganja chako nyuma ya kitambaa, ukielekeze kwenye mwanga wa mlangoni. Usiishie hapo. Kivute kidogo, kama kitakavyovutika magotini mtu anapoketi au anaporukuu, kisha utazame tena. Vitambaa vingi hufaulu vikiwa vimelala na hushindwa vikivutwa, kwa sababu vitanzi hufunguka na kuacha matundu. Rangi nyeusi huwadanganya wengi. Jezi nyeusi nyepesi huonekana imara kwenye meza ya duka, na jua la saa tisa likiipiga kwa nyuma huwa kama shela.

Swali la tatu: je, kinaanguka? Hili ndilo swali la stara yenyewe. Shika kitambaa kwa ncha mbili za juu, kiache kining'inie mbele ya mkono wako. Chepesi hujibandika kwenye mkono na kuchora vidole. Kizito hushuka wima kutoka pale kilipogusa, kikaupita mkono kama pazia. Uzito hupimwa kwa gramu za mita moja ya mraba, na duka zuri huweza kuutaja: jezi ya fulana huwa gramu 150 hadi 180, na hiyo haifai kuwa nguo ya nje ya mwanamke, kuanzia gramu 220 kitambaa huanza kuanguka vizuri, na gramu 250 au 300 hufaa kwa baridi ya Turbo na Eldoret. Kwa pwani, ambako joto halitusamehe, tungechagua gramu 200 hadi 230 zenye viskosi au pamba ndani yake, kwa kuwa polyesta tupu hufungia jasho.

Aina nazo zina tabia zake. Jezi ya upande mmoja ni laini, lakini kingo zake hujikunja mara tu zikikatwa, na humpa shida fundi mwanafunzi. Intaloki ina pande mbili zinazofanana, haijikunji, na ni rafiki wa anayeanza. Ribu ina mifereji ya wima na huvutika sana kwa upana. Mahali pake ni shingoni na kwenye vifundo vya mikono, si kwenye kiwiliwili. Kitambaa kizito chenye tabaka mbili kiitwacho ponte hushika umbo karibu kama cha mtande, na bado hukubali mwili ukisogea. Mama fundi alichagua ponte ya buluu iliyokolea, yenye viskosi, polyesta na spandeksi kidogo, na robo mita ya ribu ya rangi hiyo hiyo. Binti alikuwa ameitamani jezi nyepesi iliyong'aa. Mama hakubishana naye. Alimpa aning'inize vyote viwili kwenye mkono wake mwenyewe na kuvitazama kwenye kioo cha duka. Binti akairudisha jezi rafuni bila kuambiwa.

Mezani na kwenye cherehani

Kitambaa hakikukatwa siku hiyo. Kilifuliwa kwanza na kuanikwa kikiwa kimelazwa, kwa kuwa cha vitanzi kikianikwa kwa kuning'inizwa hurefuka kwa uzito wa maji. Chenye pamba au viskosi huweza kupungua kwenye ufuaji wa kwanza, na ni heri kipungue kabla ya kukatwa kuliko kupunguia mwilini. Kukauka kwenye mvua ya Julai kulichukua usiku mzima na asubuhi yake.

Siku ya pili kilitandazwa mezani chote, bila sehemu kuning'inia pembeni, maana inayoning'inia huvuta inayokatwa. Upande unaovutika zaidi uliwekwa kuzunguka mwili, si kwenda chini. Badala ya pini nyingi, mama fundi aliweka vijiko na vikopo vya chai juu ya ruwaza ya karatasi. Mkasi ulikuwa umenolewa. Mkasi butu hutafuna vitanzi.

Hapa ndipo alipotueleza jambo ambalo tunaliona kuwa kiini cha safari yetu. Mafundi wengi, wakishapata kitambaa cha kuvutika, hukata nguo kwa kipimo cha mwili au chini yake, wakitegemea kitambaa kijinyooshe. Hapo mvutiko wote hutumika kumchora mvaaji, na hakuna unaobaki wa kumsaidia kusogea. Yeye hufanya kinyume. Hukata nguo pana kama angekata ya kitambaa kisichovutika, au karibu hivyo. Tuseme nyonga ni sentimita 100: juba hapo lisipungue 120, na liendelee kupanuka kutoka kwapani hadi chini bila kukatwa kiuno. Mvutiko autakao ni wa mahali pachache: mgongo katikati ya mabega, kwapa, kiwiko, shingo na kifundo cha mkono. Kwa maneno yake, mvutiko uwekwe pale mwili unapofanya kazi, usiwekwe pale mwili unapotazamwa.

Kifundo cha mkono kilitufurahisha kuliko vyote. Mkono wa juba ulikatwa mpana, ukamalizwa kwa mkanda wa ribu wa upana wa sentimita 7. Binti akinyanyua mkono kushika chuma cha matatu, mkono wa nguo haupandi. Akitaka kutawadha, ribu huvutika na kupandishwa juu ya kiwiko bila kifungo wala zipu, na akimaliza hushuka na kushika kifundo tena. Kwa mwanafunzi anayetawadha kwenye bomba la chuo, kukiwa na foleni nyuma yake na baridi ya nyuzi 12, hilo si jambo dogo.

Cherehani ya nyumba ile ni Singer ya kukanyaga, isiyojua ila mshono wa moja kwa moja. Wengi huamini kwamba bila mashine ya kisasa kitambaa hiki hakishoneki. Kinashoneka, kwa masharti. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, namba 80 au 90 kwa kitambaa kizito, ili ipite katikati ya vitanzi bila kuvitoboa. Sindano kali ya kawaida hukata uzi wa kitanzi, na tundu hujitokeza baada ya kufua mara mbili. Uzi uwe wa polyesta, kwa kuwa wa pamba hukatika ukivutwa. Mkazo wa uzi ulegezwe kidogo, hatua ya mshono ifupishwe kidogo, na kitambaa kishikwe mbele na nyuma ya sindano na kunyooshwa kidogo tu kadiri kinavyopita, ili mshono uwe na akiba. Mwenye cherehani ya umeme atumie zigizaga nyembamba, upana wa milimita moja na urefu wa mbili na nusu. Huvutika pamoja na nguo, na mshono hubaki umenyooka kwa macho.

Mabega ni kisa kingine. Juba zima huning'inia hapo, na kitambaa cha vitanzi kikiachiwa mzigo huo peke yake hurefuka mpaka mabega yakashuka mikononi. Mama fundi alikata ukanda mwembamba kutoka ukingo wa leso kuukuu, usiovutika, akaushonea ndani ya mshono wa bega pande zote mbili. Tulifurahi kuona leso ya pwani ikishika mabega ya juba la bara.

Shingo ilipata mkanda wa ribu uliokatwa mfupi kuliko tundu lake. Tundu likiwa sentimita 60, mkanda huwa kama 51, pamoja na nafasi ya mshono. Hugawanywa robo nne, tundu nalo likagawanywa robo nne, alama zikakutanishwa, na ribu ikavutwa taratibu ilingane. Ikiwa ndefu, shingo hulegea na kuonyesha. Ikiwa fupi mno, hukunja nguo kama mfuko wa kamba. Kingo za ndani zilipelekwa kibandani kwa jirani mwenye ovaloki, ambaye huwamalizia mafundi wengi wa Turbo kwa malipo madogo. Hivyo fundi asiye na mashine hiyo hana sababu ya kuukataa mteja.

Juba liliangikwa usiku kucha kabla ya kukunjwa pindo, ili kitambaa kishuke kadiri kitakavyoshuka. Asubuhi sehemu za ubavuni zilikuwa zimerefuka kama sentimita mbili kuliko mbele. Lau pindo lingeshonwa jana yake, nguo ingekwenda upande milele. Zikasawazishwa, na pindo likashonwa kwa mkono, kwa mshono wa kupishana ambao hauonekani nje na huvutika bila kukatika. Pasi iliwekwa moto mdogo, juu ya kitambaa kingine, ikinyanyuliwa na kushushwa. Pasi ikiburuzwa juu ya vitanzi huviyumbisha, na pindo hufanya mawimbi.

Nguo na mvaaji

Jioni ya siku ya tatu binti alilivaa. Mama yake hakumsifu mara moja. Alimwambia anyanyue mikono, aketi, ainame, arukuu, asujudu, ainuke. Alimzunguka kila mara akitazama mgongoni na nyongani. Nguo ilivutika na kurudi, ikaanguka wima. Kisha akamwambia aende mpaka barabarani na kurudi haraka, kama anayewahi gari. Aliporudi akihema na kucheka, mama alisema Alhamdulillah, akatafuta uzi wa buluu uliobaki, akauviringisha kwenye kipande cha karatasi na kuuweka ndani ya mkoba wa chuo, pamoja na sindano.

Tumeondoka Turbo na fikra moja ambayo tungependa kina mama wenzetu waipime. Mara nyingi tunapomwona binti ameacha nguo ya stara, tunatafuta sababu katika imani yake, katika marafiki zake, katika simu yake. Pengine sababu ziko huko. Lakini tuanze kwa kuuliza pia: nguo tuliyompa inamwezesha kuishi? Ataweza kupanda ngazi, kubeba ndoo, kunyonyesha akijaaliwa mtoto, kukaa kwenye mtihani saa tatu, kusali bila kubanwa? Binti anayebanwa kutwa na nguo mbaya hufundishwa na nguo hiyo kwamba stara ni adhabu, na somo hilo hatukukusudia kumpa. Qur'ani Tukufu imezitaja nguo kuwa neema, za kusitiri na za pambo, na za kukinga joto. Neema hugunwa ikiwa imekuja kwa sura ya dhiki.

Kwa upande wa pili, tuwaambie mabinti nao ukweli. Nguo laini ya kuvutika iliyo nyepesi na ya kubana ni ya nyumbani, mbele ya maharimu wao, na huko waivae wapendavyo. Fulana, suruali za kulalia, nguo za watoto wachanga, nguo za mjamzito, ushungi wa jezi usioteleza kichwani: huko kitambaa hiki kina kazi njema isiyo na ubishi. Kikitoka nje, kitoke kikiwa kizito, kipana, na kimekatwa na mkono unaojua.

Mnunuzi wa dukani asiyeshona anaweza kuyauliza majuba yaliyokwisha kushonwa maswali yale yale matatu: unarudi? unaficha? unaanguka? Atazame mshono wa ndani na kuuvuta kidogo. Ukilia na kukatika, alirudishe. Mwenye mitumba nzuri ya ponte kubwa anaweza kuikatia mtoto juba kamili. Na kwa nguo zote za aina hii, tuzifue kwa maji baridi au ya uvuguvugu, tusizikamue kwa kuzisokota, tuzianike zikiwa zimelala, na tuzikunje kabatini badala ya kuziangika, ili mabega yasirefuke.

Tunaomba Mwenyezi Mungu awape mama zetu na dada zetu mafundi, wa Turbo na wa pwani, baraka katika mikono yao na riziki ya halali katika kazi yao, na awape mabinti zetu stara iliyo nyepesi miilini mwao na nzito katika mizani. Amin.